Mke wa Mtunza Ukumbi

Kwa miaka tisa Wakhungu alitunza ukumbi mmoja Kitengela, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati, na ndani ya ukumbi huo Mungu alikuwa na zamu. Ijumaa Waislamu, wengi wao wafanyabiashara wa mbuzi na nguo kutoka Wajir na Garissa, walitandika mikeka. Jumamosi Wasabato walipanga viti. Jumapili ilikuwa ya wale wa ngoma na vipaza sauti. Wakhungu ndiye aliyekunja mikeka, akabeba viti mia mbili, akafagia makaratasi ya peremende ya watoto wa dini zote, maana kwa upande wa takataka hawakuwa na tofauti yoyote.

Mwenye jengo alimpa kazi kwa sharti moja: asiwe wa upande wowote, yeye na mkewe. Mtunzaji aliyetangulia aliwaongezea watu wa kanisa lake saa moja ya bure, wakapigana ngumi na waliokuwa wakingoja zamu mlangoni, naye akafutwa. Wakhungu alilishika sharti hilo kwa mikono miwili. Chumba chao kilikuwa nyuma ya ukumbi, na siku ya kwanza aliyomsikia mkewe, Ajwang, akiimba jikoni, alimnyamazisha. Wimbo una kanisa lake, alimwambia, mtu akiusikia atajua tuko upande gani. Ajwang alikuwa mwanakwaya tangu usichana wake kule Ugenya. Alinyamaza miaka tisa, na Wakhungu akajisifu kwa majirani kwamba ana mke mwelewa.

Jumatatu moja pumu ilimbana Ajwang asubuhi, na kabla hawajafika hospitali pumzi ilikuwa imekata.

Kumpeleka kwao magharibi hakukuwa na njia, ndugu za Wakhungu walishaliuza shamba la baba yao. Lakini alikuwa na kaploti kake Kisaju, kamezungushiwa waya tu, akaamua kumzika huko Alhamisi. Kaburi halikumsumbua. Alichotaka ni watu wa kusimama, wa kuomba, na zaidi ya yote wa kuimba. Ajwang aliwahi kumwambia kwamba hakiogopi kifo, anaogopa kuteremshwa ardhini kimyakimya kama mwizi.

Alianza kwa Dirie, mwenyekiti wa watu wa Ijumaa, akamkuta dukani kwake.

"Pole sana, mzee. Wallahi tumeumia," Dirie alisema. "Lakini mama hakuwa Muislamu. Swala ya jeneza haiwezekani. Nitakupatia wanaume wawili wachimbe, na maji ya watu kunywa."

"Watu gani?" Wakhungu aliuliza.

Dirie alikuwa amesema kweli, na hilo halikumsaidia Wakhungu hata kidogo.

Kwa Wasabato alimwendea Mzee Nashon.

"Alibatizwa kwetu?"

"Hapana."

"Alikuwa anasoma lesoni ya Sabato?"

"Alikuwa anaosha hizo viti mnakalia."

"Hiyo tunashukuru sana. Lakini nikipeleka kanisa kwa matanga ya mtu si wetu, baraza itaniuliza."

Wakhungu alitoka hapo damu ikimchemka. Alipofika kwa Maryanne, katibu wa kanisa la Jumapili, hakungoja hata kukaribishwa.

"Miaka tisa nimewabebea viti! Mke wangu amewapikia chai! Na nyinyi pia mtaniuliza alikuwa wa kanisa gani?"

Maryanne, mama wa makamo mwenye miwani, alivuta droo, akatoa daftari la washirika, akafunua kurasa za zamani na kumgeuzia.

Jina lilikuwepo. Ajwang, kwaya, sauti ya pili. Tarehe ilikuwa ya mwaka wao wa kwanza Kitengela. Mstari ulipita juu ya jina, na pembeni, kwa mwandiko ambao Wakhungu aliujua kuliko wake mwenyewe, yaliandikwa maneno haya: Nimejitoa. Mzee wangu atafutwa kazi.

"Alikuja mazoezi mara tatu," Maryanne alisema. "Alikuwa na sauti, mzee. Nilimbembeleza abaki. Akasema alishakuahidi."

"Basi njooni mumwimbie," Wakhungu alisema.

"Nimeuliza pastor. Alhamisi kuna semina ya viongozi. Na kama mtu si mshirika, hatuwezi kuanzisha hiyo desturi." Akafunga daftari polepole. "Ungemwacha tu, mzee."

Mimi siwatetei watu hao. Mtu amekufagilia sakafu miaka tisa, semina ya viongozi ni kitu gani? Lakini Wakhungu alipotoka kwa Maryanne hakuwa tena na hasira ya kuwagawia. Ilikuwa imemrudia yote, na ilimwuma vibaya.

Alhamisi, Kisaju, upepo ulivuma tangu asubuhi. Walikuwepo dereva wa pikapu iliyoleta jeneza, wanaume wawili wa Dirie na makoleo yao, na Wakhungu; majirani walikuwa kazini, na ndugu wa pande zote mbili hawakupata nauli. Katoni za maji zilikuwa zimekaa kando bila kufunguliwa.

"Mzee, kuna kitu utasema?" mmoja wa wachimbaji, Sharmarke, aliuliza kwa upole.

Kuomba hakukumshinda. Alikuwa amesikiliza maombi kupitia mlangoni miaka yote hiyo, akayatoa yaliyomjia. Kisha akataka kumwimbia. Nyimbo alizijua tele, za Jumamosi na za Jumapili, beti kwa beti. Alifungua kinywa, akabaki hivyo.

Wa Ajwang ulikuwa upi? Alijaribu kurudi jikoni siku ile. Aliliona jiko, akaiona sufuria, akauona mkono wake wenye maji ukijifuta kwenye leso. Alikumbuka neno kwa neno aliyoyasema yeye mwenyewe. Wimbo wenyewe hakuwa ameusikiliza.

Wanaume walingoja mpaka wakaona haya kungoja.

"Endeleeni," akawaambia, na koleo la kwanza la udongo likaangukia mbao, hakuna aliyeimba.