Kifuniko cha Bwana Mazingira

Kifuniko cha injini ya gari la Bwana Mazingira, afisa wa mazingira wa kata, kilikuwa kimeliwa na kostiki, na mwenyewe alikuwa anakuja kukichukua saa kumi.

Fundi alikitoa kwenye beseni kwa koleo. Maji meusi yalichuruzika, yakitokota bila moto. Penye herufi za kampuni palibaki mabonde, na ukingoni, panapokaa mpira wa kuzuia oili, palitoboka matundu matatu ya kupitisha kidole. Akakaa juu ya ndoo.

"Mama watoto," aliita. Akaita tena.

Mkewe alikuja na mwiko wa sabuni mkononi. Yeye alipika sabuni upande mmoja wa ua, mumewe alipaka rangi vifuniko vya injini upande wa pili: vyekundu, vya buluu, vya makunyanzi, yaani rangi inayokauka ikijikunja, vyenye jina la mwenye gari. Kostiki, magadi makali ya kupikia sabuni, ilikuwa ya mke. Dawa ya kutoa rangi ilipopanda bei mara mbili, fundi alianza kumwazima, na kwenye chuma haikuwa na kosa. Rangi ya zamani ilibanduka kama ganda la yai. Ila alumini, kostiki inaila. Ndiyo maana alivaa sumaku shingoni kwa kamba. Ikinasa ni chuma, tia kwenye beseni. Isiponasa, chukua msasa ukasugue mpaka bega likome.

"Hukupima?" mkewe aliuliza.

"Alisema ni chuma."

"Alisema nani?"

"Yeye. Alisimama hapo hapo, anazungusha funguo. Nikashika sumaku, akaniambia, 'Fundi, unanipima mimi?' Nikaiachia."

Mkono wa fundi ulijua. Kifuniko kilikuwa chepesi mno, mkono ukamwambia, woga ukamziba masikio. Maana Bwana Mazingira alikuwa ameshasema: kazi ya rangi kwenye nyumba ya kuishi haina kibali, lakini nipakie rangi kifuniko changu kwanza, hayo mengine tutaongea.

"Nitaziba kwa gundi ya chuma," fundi alisema. "Nipige rangi ya makunyanzi juu. Hawezi kuona."

"Injini ikipata moto, gundi si itaachia?"

Fundi alikigeuza kifuniko, akayatazama matundu.

"Oili imwagike kwenye bomba la moshi lililopata moto, na yule bwana huwa anapeleka watoto wake shule na gari hilo. Baba, ukipaka tundu rangi, linakuwa tundu lenye rangi."

Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilimnyanyua fundi kwenye ndoo.

Saa kumi kasoro lango liligongwa. Bwana Mazingira aliingia na karani wake mwenye kitabu cha fomu, na nje alisimama kijana wa pikapu.

"Fundi, mbona jasho? Rangi imegoma kukauka?"

Fundi aliweka kifuniko mezani. Kisha akavua sumaku, akaiweka juu yake, akainamisha kifuniko. Sumaku iliteleza, ikaanguka.

"Ni alumini, mkuu. Uliniambia chuma."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekitumbukiza humo?"

"Hapana, mkuu. Ni mimi."

"Basi yameisha. Karani, andika."

Karani aliandika bila kuuliza kitu, kama anayeandika sala anayoijua, akasoma: "Kifuniko kimoja cha chuma, kimeharibiwa kwa uzembe wa fundi asiye na kibali. Vifaa vifuatavyo amevitoa kwa hiari yake." Kijana wa pikapu alikuwa ameshaanza kubeba vifaa.

"Weka saini hapa," karani alisema.

Fundi alichukua kalamu, akaisoma karatasi mwenyewe, kidole kikifuata maneno. Akakata neno "chuma". Juu yake akaandika "alumini", herufi moja moja, ulimi nje. Ndipo akatia saini.

Bwana Mazingira aliitazama karatasi.

"Umenisahihisha?"

"Nimesahihisha kifuniko, mkuu."

Mkewe alijiziba mdomo kwa khanga. Bwana Mazingira aliugeukia ua taratibu, upande ule ambao hakuwa ameutazama tangu aingie.

"Na kile kinachochemka kule ni nini?"

Pikapu ilipoondoka, ua ulionekana mpana. Fundi alisimama katikati yake. Vilivyochukuliwa ni hivi: kompresa moja, bunduki mbili za kupulizia rangi, oveni kuukuu ya kukaushia, na vifuniko vinne vya wateja ambao wangevifuata kesho asubuhi. Hivyo vilikuwa kwenye karatasi kabla hajashika kalamu. Baada ya lile neno "alumini" kiliongezwa kitu kimoja: sufuria kubwa la mkewe, na sabuni ndani yake, bado haijaganda.