Akina Mzee Goti Thelathini na Wanane

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, karani wa zahanati alikuwa akichora mistari kwenye daftari la upimaji kwa rula ya mbao, kwa sababu madaftari yaliyopigwa chapa yalikwisha tangu mwezi uliopita. Mistari yake ilinyooka kuliko ile ya kiwandani. Alikuwa mtu wa aina hiyo: hata chai aliikoroga kwa kuhesabu. Nje, kwenye benchi, alikuwa ameketi mteja wa kwanza wa siku, mstaafu wa posta mwenye sweta la kahawia, aliyekuja kulalamikia goti la kushoto. Alikuwa amelilalamikia kwa miaka sita, na mtaa mzima ulimwita Mzee Goti, mkewe akiwemo.

Ukutani, juu ya kichwa cha karani, lilibandikwa bango la Lengo. Lengo lilitoka mbali, kwenye ukumbi ambamo mataifa ya dunia yalikaa mbele ya vipaza sauti yakakubaliana kwamba katika kila watu mia wenye virusi vya UKIMWI, tisini na watano wajue hali zao; katika kila mia wanaojua, tisini na watano wawe kwenye dawa; na katika kila mia walio kwenye dawa, tisini na watano virusi vyao viwe vimefubaa. Lilikuwa lengo zuri na hakuna anayesema vinginevyo. Ila kutoka ukumbini lilishuka ngazi kwa ngazi, na kila ofisi iliyolipokea ililikunja kidogo ili lienee kwenye fomu yake. Lilipofika zahanati lilikuwa limebaki sentensi moja: mtaa huu una watu wazima arobaini ambao hawajapimwa, wapimwe tisini na watano kwa mia, yaani watu thelathini na wanane, kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa.

Nani aliwahesabu hao arobaini, hakuna aliyejua. Makao makuu walipiga simu kila Ijumaa saa nne kuuliza wamefikiwa wangapi.

Tatizo ni kwamba zahanati ilifunguliwa saa mbili na kufungwa saa tisa, na watu hao walikuwa kazini kuanzia saa mbili mpaka zaidi ya saa tisa. Waliokuja zahanati ni wenye nafasi, na mtaani hapakuwa na mtu mwenye nafasi kumshinda Mzee Goti.

"Mpime," mkuu wa zahanati alimwambia muuguzi.

"Nilimpima juzi."

"Amebadilika?"

"Hata kidogo."

"Basi hatakusumbua."

Muuguzi, ambaye kila mtu alimwita Sista, akampima. Tone la damu kidoleni, dakika kumi na tano, mstari mmoja: hana virusi. Mzee Goti hakuona ubaya, maana utaratibu ulitaka anayepimwa apewe ushauri nasaha na biskuti mbili.

"Baba, una wapenzi wangapi?"

"Ninaye mke mmoja, Sista, na huyo mmoja ananishinda."

Sasa ile fomu haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mtu alishapimwa. Karani aliwahi kuuliza, akajibiwa kwamba fomu ni ya dunia nzima, haiwezi kubadilishwa kwa sababu ya mzee mmoja. Kwa hiyo kila mara alimwandika Mzee Goti kwenye mstari mpya, kwa namba mpya, kwa mwandiko wa kupendeza. Hakuwa amedanganya. Kila mara alikuja mtu, na kila mara yeye aliandika mtu.

Daftari lilivumilia mpaka mstari wa nane. Ulipoandikwa wa tisa liliona kwamba kama wameandikwa watu tisa, basi wawepo watu tisa. Jumatano ya wiki ya tatu Mzee Goti alikuja akiwa tisa.

Walikaa kwenye benchi bega kwa bega, masweta tisa ya kahawia, wakisugua magoti tisa ya kushoto. Karani aliwatazama juu ya miwani, akauliza nani namba nne na nani namba saba. Hawakujua. Akawakatia vikaratasi, akawabandika kifuani, akaandika tarehe. Mfagizi alikwenda kuleta benchi la pili. Na kwa kuwa kila aliyepimwa sasa aliongeza mstari, na kila mstari uliongeza Mzee Goti, kazi ilianza kwenda kasi, na ile simu ya Ijumaa mkuu wa zahanati akawa anaipokea mwenyewe.

Mke wa Mzee Goti alikuja kulalamika mara moja tu.

"Huyu wa kwanza nilimchagua mwenyewe, kosa langu," alimwambia karani. "Hawa wengine nani aliniuliza?"

"Fomu haina sehemu ya mke, mama."

"Wote wanataka kiti kile kile. Wote wanasimulia habari ya kifurushi kilichopotea posta, kwa pamoja, na wakifika kwa yule bosi wao wananyamaza wote, wananigeukia mimi niwakumbushe jina lake!"

Karani alimpa pole, na ilitoka moyoni. Yule mama alirudi nyumbani, akawapangia zamu za maji, kuni na kuosha vyombo, na baada ya wiki mbili alianza kusema kwamba ndoa ina nafuu yake. Dawa ya kuchua, hata hivyo, hawakupata. Zahanati haikuwa nayo, kwa kuwa goti halikuwa na lengo.

Dirisha la chumba cha upimaji lilitazamana na karakana ya mageti. Humo alifanya kazi mdogo wake Sista, fundi wa kuchomelea, kijana wa miaka ishirini na sita ambaye Sista alimlea tangu mama yao alipofariki. Tangu mwezi wa nne alikuwa akikohoa. Mkanda wake ulikuwa na matundu matatu mapya aliyotoboa kwa msumari. Sista alipima watu kutwa, na alijua anachokitazama kupitia dirishani, na aliogopa kiasi kwamba siku nyingine alifunga pazia. Kila jioni alimbembeleza aje apimwe. Kila jioni fundi alisema kesho, kuna geti la mteja. Sista aliomba ruhusa ya kuvuka barabara na kipimo mkononi, hatua arobaini tu, akaambiwa wanaohesabiwa ni wanaopimwa ndani ya jengo.

Katikati ya mwezi wa tisa karani aliandika mstari wa thelathini na nane. Makao makuu walituma cheti chenye fremu, barua ya pongezi na sanduku. Barua ilieleza kwamba kwa kuwa mtaa umefikia Lengo, vipimo vipya vitapelekwa kwenye mitaa iliyo nyuma. Sandukuni mlikuwa na bahasha thelathini na nane za kuwapima upya wale wale waliokwisha kupimwa. Kila moja ilikuwa na vipimo vyake, na juu yake limechapwa jina: Mzee Goti, namba moja; Mzee Goti, namba mbili; na kuendelea.

Kesho yake, saa saba mchana, fundi alivuka barabara. Alikuwa na nusu saa ya chakula. Alisimama mlangoni akiwa na miwani ya kuchomelea kichwani, amekonda, akajaribu kutabasamu.

"Nimekuja, Dada. Nipime kabla sijabadili mawazo."

Sista alikimbilia meza ya karani. Karani alipitisha kidole kwenye daftari, juu mpaka chini, polepole, kwa sababu naye alimpenda yule kijana. Ndiye aliyemtengenezea kitasa cha mlango.

"Hana bahasha, Sista."

"Si ni mtu wa mtaa huu?"

"Ni mtu. Lakini mtaa una arobaini, na thelathini na wanane wamekwisha. Yeye atakuwa katika wale wawili."

"Wawili gani?"

"Wa asilimia tano. Hao Lengo haliwadai, ndiyo maana hawana bahasha."

Sista alisema neno ambalo halisemwi zahanati. Mkuu wa zahanati alifunga mlango wa ofisi yake kwa ndani. Fundi alitazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na mbili, na yeye na Sista walijua kwamba akitoka leo harudi.

Hapo kwenye benchi la tatu alinyanyuka mmoja wa akina Mzee Goti, kwa shida, akishika ukuta. Kikaratasi chake kilisema ishirini na mbili.

"Mpe bahasha yangu," alisema. "Mimi majibu yangu nayajua, mara thelathini na nane. Kinachoniuma ni goti."

Karani alifikiri. Namba ni ishirini na mbili, jina ni Mzee Goti, damu ni ya mtu. Fomu haikuuliza zaidi ya hapo. Akagonga muhuri.

Kwenye kipimo mistari ilikuwa miwili: ana virusi. Sista alirudia kwa kipimo cha aina ya pili, kama utaratibu unavyotaka, nusu saa ya chakula ikapita, na majibu yakawa yale yale. Alimweleza mdogo wake yote anayowaeleza watu: kwamba dawa zipo, kwamba akizimeza kila siku ataishi miaka yake yote, atazeeka. Alieleza vizuri, ila alikuwa amekamata kidole cha mdogo wake na hakukiachia.

"Nilijua, Dada," alisema fundi. "Nilitaka tu nisikie kwako."

Aliondoka na chupa yake ya kwanza mfukoni. Juu yake iliandikwa: Mzee Goti, namba ishirini na mbili. Yule mzee aliyetoa bahasha, akiwa sasa hana mstari, hakuonekana tena, na mkewe hakugundua mpaka alipohesabu sahani.

Dawa zilifanya kazi yake. Kufikia mwezi wa kumi na moja kikohozi kilikwisha na matundu mawili ya mkanda hayakuhitajika. Katika mwezi huo huo fundi alianza kuchomelea akiwa ameketi, mguu wa kushoto kaunyoosha. Halafu alinunua sweta. Siku moja mafundi wenzake walimsikia akisimulia habari ya kifurushi kilichopotea. Jioni mke wa Mzee Goti alimpitia karakana, akamwambia zamu ya maji ni yake, naye fundi akaenda kuchota.

Mwisho wa mwaka wageni wa makao makuu walikuja kupiga picha chini ya bango. Mmoja aliuliza kama wale wa masweta ni kwaya. Walipongeza, wakala biskuti, wakaacha Lengo la mwaka mpya, ambalo lilikuwa lile lile. Nje ya geti walisimama mshona nguo na mbeba mizigo, wamekuja saa ya chakula, wakiuliza kama wanaweza kupimwa. Sista alikuwa akipita benchi kwa benchi, akiwaomba wazee mmoja mmoja, nani mwingine atatoa bahasha.

Kisha akaingia chumbani, ambamo namba ishirini na mbili alikuwa akisubiri dawa za mwezi. Alimwuliza maswali ya utaratibu. Anameza kila siku? Kila siku. Saa ile ile? Saa ile ile. Alikuwa amenenepa, macho yamerudi kung'aa, na Sista alifurahi. Akamkabidhi chupa kwa mikono miwili.

"Asante, mwanangu," alisema mdogo wake.