Majembe Kumi ya Wazima

Wanasema hasidi hana sababu. Uongo! Mimi nilikuwa nayo, tena nikiiona kila asubuhi: shamba la wimbi la Agustina limepaliliwa hadi mpakani, langu limemezwa na magugu.

Tulipelekwa Tarime pamoja, mwaka wa sabini na tano, tukasoma wiki sita, tukarudi wahudumu wa afya wa kijiji. Yeye akapewa nyumba kumi za juu, mimi kumi za chini. Mshahara hakuna. Kijiji kilitulipa kwa risaga, ile desturi yetu ya kulimiana: kila mgonjwa unayemtibu, nyumba yake inaleta jembe moja shambani kwako. Na watu wangu wakiugua wanapanda kwa Agustina. Ati ana mkono mwepesi. Mkono mwepesi! Klorokwini ni ile ile, kopo ni lile lile. Majembe yalipita mlangoni kwangu kwenda kwake, na mimi roho inaniuma, hata ugali haushuki.

Siku ya mkutano nikasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, mnatulipa kwa wagonjwa. Basi tuombe watu waugue? Tulipeni kwa wazima. Mwezi ukiisha na hakuna mtu wa nyumba zangu aliyebebwa hospitali, nyumba zote kumi zije na majembe. Akibebwa hata mmoja, nisipate kitu."

Makofi! Mwenyekiti Joram akasema nina akili, na utaratibu huo uwe wetu sote wawili. Akili gani? Nilitaka Agustina akose. Yeye naye akapiga makofi, akanishika mkono, "Dada Kezia, umesema kweli." Nikazidi kumchukia.

Mwezi ule sikulala. Niliwachimbisha watu vyoo, niliwagombeza mpaka wakachemsha maji. Zikabaki siku mbili Joram apite kuhesabu waliobebwa, na Gati, binti wa jirani yangu Mokami, mtoto wa miaka minne, akashikwa na homa. Nilimpa vidonge, akavitapika. Nikampa tena, akatapika, macho yakaanza kugeuka. Nilijua kabisa kwamba dawa yake iko hospitali ya Tarime. Lakini niliona majembe kumi yakiniponyoka, na Agustina akivuna wimbi mwaka wa pili mimi nikiokota magugu.

"Mfunike vizuri," nikamwambia Mokami. "Tungoje siku mbili tu. Joram akiuliza, sema amesinzia."

Mokami akavuta shuka, akamfunika. Nilipotoka alimfunga mtoto mgongoni, akapita njia ya nyuma, akapanda kwa Agustina. Agustina hakuuliza mtoto ni wa juu au wa chini. Walipokezana kumbeba hadi hospitali, mwendo wa saa tano.

Gati alipona. Daktari alisema wangechelewa hadi kesho yake, wangerudi na maiti.

Joram alipopita, nilikaa mlangoni nikingoja aibu yangu. Akasema, "Hongera, Kezia. Kwako hakuna aliyebebwa."

"Na Gati?"

"Agustina amesema mtoto aliugulia huko juu, nyumbani kwake Agustina, na alibebwa kutoka huko. Yeye ndiye amekosa mwezi huu."

Hapo ndipo pa kusema. Neno lilifika kwenye ulimi, nikalimeza.

Jumamosi majembe yakaja, la Mokami likiwa la mwisho; alilima bila kunitazama. Nyuma yake nikaona jembe la kumi na moja. Agustina!

"Umefuata nini hapa?" nikamuuliza.

"Kwangu hakuna risaga mwezi huu, dada. Nina nafasi."

Akachagua mstari wenye magugu kuliko yote, akainama. Mchana nilimpelekea togwa, akanywa, akanishukuru, akarudi kazini. Sikuweza kumwomba radhi. Nilisimama pale na kibuyu kitupu, namwangalia. Mstari wake ulikuwa safi kuliko mistari yote ya shamba langu, na Mungu ananiona, hata huo niliuonea wivu.