Mvuke Nyumbani kwa Fundi Minemura

Bwana Hirota alikuwa ameingiza kioo cha daktari wa meno ndani ya tundu la gitaa la baba yangu, na yeye mwenyewe alikaribia kuingia nyuma yake. Alikuja kulikagua, kwa treni kutoka Osaka asubuhi hiyo, amevaa glavu nyeupe, na tangu avue viatu mlangoni alikuwa hajaniambia la maana ila "tafadhali usiliguse." Gitaa lenyewe ni langu. Nimekaa nalo zaidi ya miaka hamsini.

"Fundi Tokuzo Minemura, mjini Matsumoto," alinong'ona kama mtu aliye msibani. "Mkono wake mwenyewe kabisa. Lakini mama, huu ufa..."

"Una nini?"

"Magitaa ya Minemura hayapasuki! Nimeyashika mengi, hata moja sijaliona na ufa. Watu wanayasaka kila pembe kwa sababu hiyo. Sasa hili lilipatwa na nini?"

Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Kwa nini mengine hayakupasuka, hilo ningeweza kumweleza hata usingizini, maana tulioteseka ili yasipasuke ni sisi.

Baba alikuwa haogopi vita, tetemeko wala mama mkwe wake. Aliogopa mvuke. Ubao wa uso wa gitaa, alisema, hunywa hewa. Ukiubandika mbavu zake, vile vijiti vya kuutegemeza kwa ndani, wakati umeshiba unyevu, siku utakapokauka utasinyaa, mbavu zitakataa kusinyaa nao, na ubao utapasuka. Kwa hiyo kazi hiyo aliingojea majira ya baridi, upepo mkavu wa milimani ushuke mjini. Taabu ni kwamba karakana yake na sebule yetu vilitenganishwa na milango ya karatasi tu. Basi wakati majirani wamekumbatia mabirika yao, la kwetu lilifungiwa kabatini. Chai tulikwenda kuinywa kwa watu. Wali ulipikwa uani, theluji inaanguka, mama kashika mwiko mkono mmoja na mwavuli mkono wa pili. Chombo pekee kilichoruhusiwa kufuka mvuke mle ndani kilikuwa kikopo cha gundi ya ngozi, na mama alikuwa akikitazama kikopo kile kama mke mwenza.

Kuoga tulikwenda bafu la mtaa. Tukirudi, baba alitusimamisha mlangoni na kutushika nywele. Zikiwa na maji, huingii. Msichana afanyeje na baridi ile? Mkabala na bafu palikuwa na mkahawa wa tambi za soba wa Mzee Genkichi Karasawa, wenye jiko kubwa lisilozimika, nikawa nakaa pale kukausha nywele. Mwanawe Ryohei akawa ananiletea kikombe cha maji ya moto yaliyochemshiwa tambi, bila kuombwa. Nywele zangu si nyingi kihivyo, lakini majira yale zilichelewa sana kukauka.

Habari ya posa ya Ryohei mama alimpelekea baba akiwa anapiga randa. Baba akaitikia, "Sawa." Mama alijua vizuri kwamba mtu anayepiga randa huitikia lolote, ndiyo maana akaichagua saa ile.

Siku ya posa ilipofika, upepo ulikuwa mkavu hata midomo ikapasuka. Baba alikitazama kipima unyevu chake ukutani, akapiga makofi mara mbili kama mtu aliye mbele ya hekalu, akajifungia. Kufikia adhuhuri mbavu zote zilikuwa mahali pake, zimekandamizwa kwa fito zilizopindwa kati ya ubao na dari, gundi bado mbichi. Gitaa hilo lilingojewa na mpigaji mmoja mashuhuri wa Tokyo, na baba alikuwa na hakika kwamba hajawahi kushika ubao mzuri kama ule.

"Mpaka kesho," alitutangazia, "asipumue mtu."

"Tuna wageni," mama akasema.

"Wageni gani?"

"Wanaokuja kumposa binti yako."

"Waambie waje maua yakichanua."

"Wako mlangoni, baba Fumie."

Mzee Karasawa aliingia ubavu kwanza. Alikuwa pandikizi la mtu, na alipanda kilima chetu chote amebeba sufuria lililofungwa kitambaa cha zambarau, kwa hiyo kipara chake kilikuwa kikifuka mvuke kwenye ile baridi. Ryohei alimfuata na furushi la tambi, kavaa suti iliyombana kwapani. Baba akakitazama kile kipara, kisha akaitazama sindano ya kipima unyevu.

"Karibuni sana," alisema. "Bwana Karasawa, waweza kupumulia dirishani?"

Mzee Karasawa alidhani ni mzaha, akacheka kwa nguvu, na sindano ikasogea. Baba akafumba macho. Mama akaleta chai iliyochotwa kwa jirani tangu asubuhi, baridi kama maji ya mtaroni. Ryohei akainywa yote, akasema ni chai nzuri ajabu. Hapo ndipo nilipojua kwamba kijana huyu ananipenda kweli.

"Mimi si mtu wa maneno," Mzee Karasawa akasema, akilifungua fundo la kitambaa. "Nimekuja na mchuzi wangu mwenyewe, na tambi nimezikata alfajiri. Nipeni moto tu. Binti yenu aonje anakokwenda."

"Hapa hakuchemshwi kitu," baba akasema.

"Samahani?"

"Mpaka kesho."

Mzee Karasawa alilitazama sufuria lake, akamtazama baba, na shingo yake ikaanza kuwiva.

"Bwana Minemura, mimi nachemsha maji tangu utotoni. Mwanangu atachemsha maji mpaka siku ya kufa kwake. Kama mvuke wetu ni najisi kwako, sema tu, tujue tumeingia nyumba ya nani."

"Si najisi. Ni unyevu."

"Mwone huyu! Ryohei, simama twende."

Akaanza kulifunga tena lile fundo. Nilihisi ndoa yangu ndiyo inayofungwa mle kitambaani, ibebwe, ishushwe kilimani. Ryohei alinitazama. Alikuwa amesimama nusu, magoti yamekunjika, hajui amtii babake au aendelee kukaa.

Ndipo mama akainuka. Hakupaza sauti, wala hakukunja uso. Alilitwaa sufuria mikononi mwa Mzee Karasawa kama mtu anayepokea mtoto.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Na mimi nimengoja kupona tangu niolewe."

Akafungua kabati, akalitoa na birika.

"Kinu!" Baba aliruka, akimwita mama kwa jina lake. "Ubao! Ubao wangu!"

"Ubao wako umeshapata mbavu. Mwanao bado hajapata mume."

Akaliteleka sufuria juu ya jiko la mkaa palepale sebuleni, akafunua kifuniko. Mvuke ukapanda darini. Madirisha yakafunikwa na ukungu, karatasi za milango zikalegea, na sindano ikapanda huku baba amesimama mbele ya karakana kanyoosha mikono kama anayezuia mwizi. Kisha harufu ya ule mchuzi ikamfikia. Alikuwa hajatia kitu tumboni tangu alfajiri. Mikono ikashuka kidogo kidogo.

"Fumie," aliniita. "Unamtaka huyu?"

"Ndiyo, baba."

"Watu hawa wanachemsha maji mchana kutwa, unasikia? Nywele zako hazitakauka maisha."

"Kwani unadhani nilikuwa nazikaushia wapi, baba?"

Alinikodolea macho. Akamtazama Ryohei, akanitazama mimi, na nikamwona anazikumbuka zile jioni zote alizonishika kichwa mlangoni akaridhika. Kisha akaketi kitako. Alikula bakuli mbili, akizivuta tambi kwa mlio wa heshima, na machozi yakimtiririka. Alisema ni vitunguu.

Gitaa lilikamilika, na sauti yake ilikuwa tamu kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Alikuwa ameliegemeza pembeni siku moja mwezi wa Machi, upepo mkavu unavuma, sisi tunakunywa chai, chai ya nyumbani sasa, tuliposikia *tak!* Hakuna aliyeuliza ni nini. Gitaa lenye kasoro baba alikuwa na desturi ya kulipasua kwa shoka, vipande vikapasha moto gundi ya gitaa lingine. Alilibeba akatoka nalo uani. Tulingoja. Alirudi na shoka mkono mmoja na gitaa zima mkono wa pili, na mama akammiminia kikombe cha chai.

Aliuziba ufa kwa vipande vyembamba vya ubao uleule. Mpigaji wa Tokyo akatengenezewa jingine mwaka uliofuata, katika karakana mpya baba aliyojijengea ng'ambo ya uani. Hili alinikabidhi maua yalipochanua, asubuhi ya harusi yangu. "Limeshakula karamu yako," alisema. "Liende nawe."

"Mama," Bwana Hirota alirudia, kalamu tayari. "Ni kitu gani kililipasua?"

Kabla sijamjibu, Ryohei alikuwa ameingia kutoka jikoni, mgongo umeinama siku hizi, amebeba sufuria, na alipolitua mezani akafunua kifuniko. Bwana Hirota alipiga yowe. Alilikumbatia gitaa kifuani, akarudi nyuma mpaka mlangoni, uso wake ukiwa uleule wa baba siku ile, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike nilimwona baba yangu waziwazi, nikampenda sana.

"Mvuke!" Bwana Hirota alilia. "Mama, mvuke!"

"Njoo ukae, mwanangu," nilimwambia, nikimpakulia. "Hilo limeshazoea."