Mji Niliopewa na Tebo

Usiku wa jana niliota nimelala ndani ya visanduku vilivyochorwa chini kwa chaki, na kando yangu, kwenye visanduku kama vyangu, amelala mjukuu wangu Tausi, anakoroma.

Kwanza niseme mchana ulivyokuwa, maana ndoto ilianzia huko. Tausi anaandikisha wagonjwa wa zahanati kwenye kompyuta, na jana aliileta kazi nyumbani, akatuingiza mimi na yeye. Mimi ni Tausi Mbaruku. Mwanangu nilimpa jina la baba yangu, Mbaruku, naye akampa binti yake jina langu, kwa hiyo mtoto naye ni Tausi Mbaruku. Ni somo wangu, na tukitaniana ni mke mwenza. Aliponiuliza nilizaliwa mji gani, nikamwambia nilizaliwa ndani ya treni, ilipokuwa imetoka Korogwe na haijafika Mombo.

"Treni si mji, bibi," akasema, akaniandikia Korogwe, kama alivyojiandikia yeye.

Muda si mrefu nikamsikia anaguna. "Tebo, hii orodha ya visanduku humu kwenye kompyuta, imekataa. Inasema mimi na wewe ni mtu mmoja. Kesho itabidi nifute mmoja."

Mimi tebo ninayoijua ni ile ya darasa la tatu, ya mbili mara mbili. Nikaenda kulala nikiiwaza.

Basi kwenye ndoto Tebo ni meza. Ni meza yetu ya kulia chakula, ile yenye mguu mmoja uliofungwa waya, ila ina sauti ya mwalimu na imesimama mbele ya uwanja wa shule niliyosoma. Ukoo wetu wote umepangwa, kila mtu na mstari wake, kila mstari na visanduku vyake: jina, baba, mji. Mwanangu Mbaruku amefungwa uzi kwenye kifundo cha mguu, na ncha ya pili imefungwa kwangu. Kutoka kwake unatoka uzi mwingine hadi kwa Tausi.

"Mama, usivute," anasema Mbaruku. "Unanitekenya."

Tebo anakohoa. "Tausi Mbaruku wa Korogwe na Tausi Mbaruku wa Korogwe. Mnafanana. Hapa kwangu hakuna kufanana, mmoja anafutwa. Ufagio, njoo."

Ufagio wa chelewa anakuja mwenyewe, anatembea kwa vijiti vyake.

"Nifagie wapi?"

"Wewe fagia," anasema Tebo.

"Wapi? Nikiambiwa fagia bila kuambiwa wapi, mimi nafagia wote. Ndivyo nilivyo. Juzi nimemaliza kata nzima hivihivi, na hakuna aliyenilaumu kwa sababu hakuna aliyebaki."

Ukoo mzima unakunja miguu.

Namtazama Tausi alivyolala, mdomo wazi. Bado hajaolewa, bado hata hajajua kupika pilau ikaeleweka. "Nifagie mimi," nasema. "Nimekula chumvi ya kutosha."

"Wewe nani?"

"Tausi Mbaruku."

"Wako wawili."

"Yule mzee."

"Sina kisanduku cha uzee," anasema Tebo.

Ufagio anaangalia mguu wangu. "Halafu huyu ana uzi. Nikimfagia yeye, aliyefungwa kwake anamfuata, na aliyefungwa kwa huyo naye anafuata. Msichana utampoteza vilevile, mama, na baba yake juu."

"Basi fagia msichana," anasema Tebo. "Yeye uzi wake haumvuti mtu."

Ufagio anamwendea Tausi. Ndala yake ya kushoto inafagiwa, haipo tena.

"Rudisha ndala," nasema.

"Bado haijathibitishwa, mama, usiwe na wasiwasi," anasema Tebo. "Mpaka jogoo awike. Kabla ya hapo kila kitu kinaweza kurudi. Akishawika, ndiyo basi."

Juu ya paa la shule jogoo anasafisha koo. "Naweza kungoja kidogo," anasema, "lakini si sana, na mimi nina familia."

Sasa uwanja wa shule ni jikoni kwangu. Hakuna anayeshangaa. Nakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kwa sababu nikiwa pale ndipo akili yangu hutulia.

"Tebo," nasema, "wewe kazi yako hasa ni nini?"

"Kuulizwa na kujibu. Sijawahi kushindwa."

"Haya. Kitendawili."

"Tega," anasema Tebo. Adabu anazo.

"Nimeita mara moja, wameitika wawili, na hakuna aliyekosea."

Tebo anafikiri. Droo yake inafunguka na kujifunga. "Mwangwi."

"Mwangwi hauitiki, unaiga."

"Mapacha."

"Mapacha kila mmoja ana jina lake."

"Kosa la mwandishi."

"Nimesema hakuna aliyekosea."

Jogoo ananyoosha shingo. Ufagio ameshafika kwenye kisigino cha Tausi, naye Tausi anacheka usingizini, anadhani anatekenywa na baba yake. Ule mguu wa waya unalia.

"Nimeshindwa," anasema Tebo kwa sauti ya chini.

"Nipe mji."

Sijui kwenu, lakini kwetu aliyeshindwa hutoa mji, na mtegaji akiukataa, hutoa mwingine.

"Chukua Chalinze."

"Chalinze watu wanapita tu. Sitaki."

"Dodoma."

"Upepo wake utanivua kanga."

"Lushoto."

Milima ya Lushoto nimeiona maisha yangu yote nikiwa huku chini naanika nguo, na hakuna siku hata moja mtu aliniambia panda, twende.

"Lushoto nimeipokea," nasema. "Nimekwenda Lushoto, wakanilaki kwa matunda ya plamu, wakanipa kiti, baridi ikanikaa magotini. Wakaniuliza, mama, huyo Tebo wa bondeni kashindwa nini? Nikawaambia, kashindwa mtu na somo wake."

Na kweli jikoni ni Lushoto. Ukungu unaingia dirishani bila hodi. Nina plamu mdomoni. Chini, kwenye kisanduku changu cha mji, Korogwe inajifuta yenyewe, herufi moja moja, na jina lingine linakaa.

"Wapi sasa?" anauliza Ufagio.

Tebo anasoma mstari wangu, anasoma wa Tausi, anarudia wangu. "Hapana pa kufagia. Hawafanani."

"Mngesema mapema," anasema Ufagio. Anairudisha ndala, ameipangusa vumbi.

Jogoo anawika.

Nikaamka. Alikuwa jogoo wa jirani. Niliendelea kulala kidogo, nikijisikia vizuri tu, mpaka jua lilipokuwa kali na sauti ya Tausi ikatoka sebuleni.

"Mke mwenza, umeamka? Tebo imekubali. Tuko wawili."

"Najua," nikamwambia, nikaenda kukaa karibu naye mezani.

"Ila bibi, uligusa kompyuta?"

"Mimi hata kuiwasha siwezi."

"Jana hapa kwenye mji wako niliandika Korogwe. Angalia, ni Lushoto. Umewahi kukaa Lushoto wewe?"

"Jana. Kidogo."

Akanitazama kama ninavyomtazama yeye akisema amekula na sufuria haijaguswa. Akapeleka kidole kwenye kompyuta. "Ngoja nirekebishe."

"Acha hivyo hivyo, somo. Mji ukishatolewa haurudishwi."

Akaacha. Nje jua la Korogwe lilikuwa limeshapasha bati, nami nikamwomba aniletee sweta, kwa sababu magoti yalikuwa bado yanasikia baridi.