Bomba la Futi Nane

"Usikate, Enoka, ukikata—"

"Nakata, Mwalimu! Machage akilikuta hivi—"

"—kioo chenyewe hakitajua kama umekata!"

"—tunalala ndani wote wawili!"

Msumeno wa fundi Enoka ulishagusa ubao. Mwalimu Hyasinta akalilalia bomba kifudifudi, gauni na vumbi lake. Bomba la mbao, futi nane, halipiti hata mlango wa darasa. Mwishoni mwake kilikaa kioo alichokisugua kwa mkono miezi minne, maana aliwaahidi darasa la saba watauona mwezi kwa karibu.

Sasa wiki hiyo mgambo wa kijiji, chini ya Kamanda Machage, walikuwa wanasaka silaha za adui. Juzi walimbeba Stanislausi wa Nyasho kwa sababu ya redio yenye waya mrefu. Hajarudi.

"Na rangi nyeusi nani alikutuma?"

"Si wewe?"

"Ndani, Enoka! Nilisema upake ndani!"

"Ilibaki. Mimi rangi huwaga simwagi."

Ukilitazama kutoka barabara ya Buhare, ni mzinga mtupu umelenga ziwani.

"Basi tengeneza kioo cha bomba fupi," Enoka akasema, jicho barabarani.

"Hiki nimekichimba kidogo tu, kama sahani. Mwanga unakigonga, unarudi kukutana mbali, futi nane. Nikichimba zaidi, kama bakuli, utakutana futi tatu."

"Si uchimbe!"

"Bakuli lenye mviringo wa mpira linadanganya! Mwanga wa pembeni unakutana karibu, wa katikati unapitiliza. Unaona ukungu. Inabidi katikati pazidi kina kidogo sana, chini ya unene wa unywele, na mimi kipimo hicho sina. Kwenye sahani kasoro hiyo haionekani. Ndiyo maana ni refu, ndugu yangu!"

Filimbi ikalia.

Enoka akaficha msumeno mgongoni. Hyasinta akasimama, akajikung'uta vumbi. Kamanda Machage alikuja na mgambo sita, bunduki begani. Akalizunguka bomba mara moja. Mara ya pili. Akaingiza mkono mdomoni mwa bomba mpaka kwenye kwapa.

"Hili nini?"

"La kuangalizia mwezi, Kamanda," Hyasinta akajibu.

"Linapiga?"

"Halipigi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Kamanda. Naapa."

Machage akashusha pumzi kama mtu aliyekuta sufuria tupu. Akawafukuza vijana wake mpaka kwenye uzio, akamsogelea Hyasinta, akanong'ona.

"Mwalimu, kesho Saba Saba tunapita mbele ya wakubwa pale Musoma. Wenzetu wa Bunda wanakuja na bunduki za kweli. Sisi tunazo hizi hizi alizotuchongea Enoka, za mbao." Akaligonga bomba kwa kidole. "Kioo chako kitoe, kalale nacho. Ila bomba, dada yangu, nakuomba, niazime nilipitishe kwenye mkokoteni."