Kivuli cha Jani

Kipande cha pili cha mbao kiliungua Fundi Taratibu akiwa amekikazia macho. Kilichomjulisha ni moshi, uzi mwembamba uliochomoza kwenye mchanga wa moto, na moshi ukishaonekana mambo yamekwisha. Alikichomoa kwa kibano. Ukingo wote ulikuwa mweusi kama kijiti cha kiberiti kilichotumika.

"Kimeungua hicho," alisema mkewe kutoka mlangoni.

Hakugeuka. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa, Mama Pacha alikuwa amekanyaga karakana ile mara tano hivi, na zote alikuja kumwita kwenye msiba. Leo hakukuwa na msiba, bado.

Katikati ya chumba ilisimama meza ya watu. Ilikuwa meza kuukuu ya mtindo wa Kifaransa, tena si ule wenyewe wa enzi za wafalme, bali ule wa wajukuu waliokuja kuuiga na kuuongezea madoido: miguu iliyopinda kama ya mbuzi anayetaka kuruka, shaba kwenye kila pembe, na juu yake shada la maua lisilochorwa wala kuchongwa. Kila ua, kila jani, ni vipande vya mbao nyembamba vilivyokatwa na kupachikwa mahali pake. Kivuli kinachofanya jani lionekane limejikunja hupatikana kwa kuchovya ukingo wake kwenye mchanga uliopashwa moto kikaangoni. Jani moja lilikuwa limebanduka na kupotea.

Mwenye meza, nesi mstaafu asiyependa utani, alimruhusu fundi akate ukanda mmoja tu chini ya droo, mahali pasipoonekana, ili jani jipya liwe la mbao yenye umri uleule. Ukanda ulitoa vipande vitatu. Viwili sasa vilikuwa makaa, na nesi angefika alasiri. Fundi alikuwa amejiapiza kimoyomoyo: cha tatu kikiungua, anafunga karakana na kwenda kukaa nyumbani kuhesabu wapita njia.

Kivuli hakionekani kikiwa mchangani. Ukichomoa kipande mapema ukakirudisha, kinabaki na mstari kama sufuria iliyofurika uji. Fundi huvizia harufu, basi. Na Fundi Taratibu, tangu ile homa ya miezi mitatu iliyopita, hakuwa akisikia harufu ya kitu chochote duniani. Hakumwambia mtu.

"Umefuata nini huku, Mama Pacha?"

"Nimekuja kumwona mtu anayekula maharage yaliyoungua akaniambia leo nimepatia."

"Yalikuwa matamu."

"Nilidhani uzee umekulainisha. Nikaweka kitambaa cha mafuta ya taa chini ya mto wako. Ukalala kama mtoto mchanga! Aliyekesha ni mimi."

Fundi akajikausha. Alichukua brashi, akafagia meza isiyokuwa na vumbi.

"Mficha maradhi, Baba Pacha..." Hakuimalizia methali. Alivuta kigoda, akaketi upande wa pili wa jiko. "Haya, weka hicho kilichobaki."

"Wewe unajua nini kuhusu harufu ya mbao?"

"Nani anayefua mashati yako?"

Fundi aliinamisha macho kwenye shati alilovaa.

"Siku ukirudi unaimba, shati linanukia kama ganda la mkate. Siku ukirudi umenuna, linanuka kama unywele uliochomwa. Nikilishika tu najua nikuandalie maneno gani. Au ulidhani nabahatisha?"

Fundi aliona aibu kwanza. Kisha akakasirika kwamba miaka yote hiyo alikuwa akisomwa kwenye beseni la nguo bila kujua. Hasira ikapita, ikabaki hofu, na hofu haikuwa na haraka ya kuondoka. Alikichukua kipande cha mwisho kwa kibano. Akachovya ukingo wake mchangani.

Alihesabu kama alivyofundishwa ujanani. Moja. Mbili. Kwa moto ule, kwa hesabu yake, ni kumi na mbili.

Mkewe alikuwa amefumba macho na kuinua kidevu. "Bado," alisema. "Bado."

Sita. Saba.

"Toa."

"Nimefika saba tu."

"Toa nimekwambia! Si hesabu yako hiyo ndiyo iliyochoma vile vingine?"

Akatoa. Ukingo ulikuwa wa kahawia, ukififia taratibu kuelekea katikati hadi ukayeyuka ndani ya mbao, na jani lilionekana limejikunja kabisa. Alilitazama mpaka machozi yakamlengalenga. Alisema ni moshi, ingawa hakukuwa na moshi.

Kufikia adhuhuri gundi ilikuwa imeshika, msasa umepita, polishi imekolea. Nesi alikuja na wachukuzi wawili. Alivaa miwani, akainamia meza, akazunguka, akainama tena. Mwishowe akatabasamu kama aliyemkamata mwizi.

"Nimeliona. Hili hapa." Kidole chake kilitua kwenye jani lililokuwapo pale kabla bibi yake hajazaliwa. "Lakini umejitahidi, Fundi. Mkono wako haujazeeka."

Fundi alimtazama mkewe, aliyekuwa akikung'uta majivu ya jiko kana kwamba hayamhusu.

"Mkono ni wangu," alisema. "Pua ni ya mwenzangu."

Lakini nesi alikuwa ameshatoka nje kuwapigia kelele wachukuzi waiangalie ile miguu.

Walirudi nyumbani pamoja, bila maneno mengi. Uani kulikuwa bado na jua. Mama Pacha alijaza maji beseni, akanyoosha mkono bila kumwangalia, naye akavua shati akampa. Kabla ya kulitia majini alilikunja, akalipeleka puani, kama alivyokuwa akifanya kila siku mumewe akiwa ameshampa mgongo.

Leo hakumpa mgongo. Alisimama mlangoni kifua wazi, mikono hajui aiweke wapi.

"Linanukaje?" aliuliza.

"Ganda la mkate," alisema mkewe, akiwa bado hajaliondoa shati usoni.